Mara hii sikusoma tangazo la hazina

Ndugu wasikilizaji, na ninyi mnaotufuata mkiwa mbali na mashamba yenu,

Wiki iliyopita vijana wawili walikuja kwenye radio yetu hapa Goma. Walikuwa na adabu, wamevaa vizuri, kila mmoja na kompyuta yake mgongoni. Walitaka tuwasomee tangazo. Wanaleta sarafu mpya ya kidijitali, na ili watu waijue, wataficha hazina mjini. Atakayeipata atakuwa na sarafu hizo. Anayetaka kushiriki ajiandikishe kwa namba yake ya simu. Walikuwa tayari kulipa siku ile ile.

Niliwapa kiti, nikawapa maji, kisha nikawaambia hapana. Mmoja akashangaa. Akaniuliza, "Mukubwa, si ni mchezo tu?"

Sikuwa na nafasi ya kumjibu yote, habari za saa sita zilikuwa zinaningoja. Namjibu leo hapa, kwa sababu jibu hilo ni lenu pia. Baadhi yenu mlikuwemo.

Turudi nyuma, mwezi wa Julai 2024. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Kambi zilijaa: Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya na nyingine. Vita vilikuwa upande wa Sake, usiku tulisikia milio. Miezi miwili kabla, tarehe 3 Mei, mabomu yalikuwa yameanguka kwenye kambi za wahami za Lac Vert na Mugunga, yakaua watu waliokwisha kukimbia mara moja. Kwa hiyo radio yetu ilikuwa ikisoma kila siku onyo kwa watoto: ukiona chuma usichokijua, usikiguse, usikirushie jiwe, rudi kwa njia uliyojia, mwambie mtu mzima. Sauti iliyorekodiwa ilikuwa yangu. Watoto wa Bulengo walilijua onyo lile kwa moyo. Nikipita kambini walinifuata nyuma wakiiga sauti yangu: "Usiokote usichokijua!" Nilicheka, na moyoni nilijivuna kidogo.

Ndipo lilipokuja kundi la vijana wenye sarafu yao. Si hawa wa wiki iliyopita, ni wengine. Jina la kundi na la sarafu siyataji. Walikuwa wameandaa karatasi 12 za kuficha mjini na pembeni ya mji. Kila karatasi ilikuwa na mraba wa vidoa vyeusi, ule unaosomwa kwa kamera ya simu. Ukiusoma, unapata neno moja na namba ya neno hilo. Atakayekusanya maneno yote 12 na kuyapanga anafungua pochi ya kidijitali, na ndani yake mna sarafu ambazo wao walisema zina thamani ya dola 300. Walitupa dola 60 ili tusome tangazo mara tatu kwa siku, siku tano, na kila siku tutoe kidokezo kimoja.

Jenereta yetu haikuwa na mafuta tangu juzi yake. Mkuu wa programu alinitazama, nami nikamtazama. Hakuna aliyeuliza swali. Niliingia studio nikasoma, na nilisoma kwa furaha, kwa sauti ile ile.

Kidokezo cha kwanza kilisema hivi: neno la nne liko chini ya jiwe jeusi linalotazama ziwa. Mtu wa Goma anajua kwa nini nilicheka hewani. Mji wetu wote ni jiwe jeusi. Nyiragongo ilitumwagia moto mwaka 2002, ikaongeza mwaka 2021, na juu ya mawe hayo ndipo tunapojenga, tunapolala na tunapozika. Nilifanya mzaha, nikasema, "Haya, wapendwa, mawe hayakosekani, amkeni mapema."

Waliamka mapema kweli. Siku ya pili, nilipokwenda kambini kwa kazi nyingine, niliona watoto wametawanyika kuanzia barabarani hadi majini, wanapindua mawe. Wengine walikuwa na gunia, wengine mikono mitupu. Wachache sana walikuwa na simu inayoweza kusoma ule mraba. Niliwapigia picha. Nilifikiri ni habari nzuri, kwamba hatimaye wana kitu cha kuwafurahisha.

Siku ya tatu, kabla ya saa mbili za asubuhi, mama mmoja aliyetoka Masisi alinipigia. Namba yangu alikuwa nayo kwa sababu niliwahi kumhoji kuhusu maji. Aliniambia nije, na hakutaka kueleza kwa simu.

Mtoto wake wa kiume, miaka 12, alikuwa amerudi jioni na gunia. Ndani alikuwa na vitu alivyookota chini ya mawe: kifuniko cha sufuria, kipande cha redio, na chuma kizito chenye mkia kama samaki. Alifikiri hazina imewekwa ndani ya kile chuma. Alikuwa amejaribu kukifungua kwa jiwe.

Mama aliona mkia ule, akajua. Hakupiga kelele. Aliacha gunia pale lilipokuwa, akawatoa watoto wake wote, akawaamsha majirani wa pande zote, wakaenda kulala mbali chini ya mvua nyepesi. Asubuhi akamwambia mkubwa wa kambi, naye akawaita wanaojua kazi ya mabomu. Walikuja, wakakichukua, wakaondoka nacho. Hawakutuambia kama kingelipuka ama la. Nami sikuuliza, niliogopa jibu.

Yule mtoto alikuwa amekaa kando, hapigwi, hasemeshwi. Nilimwendea nikamuuliza kwa nini aligusa kitu ambacho kila siku tunasema kisiguswe. Alinijibu bila ubishi wowote, kama anayenikumbusha kitu nilichosahau: "Papa Radio, si ni weye ulisema tutafute?"

Ndugu zangu, tangu siku ile nimeulizwa maswali mengi katika kazi hii, na wenye bunduki na wenye vyeo. Hakuna lililonikaa kama lile. Asubuhi nilimwambia mtoto asiguse, mchana nikamwambia apindue mawe. Sauti ni moja. Yeye alifuata ile ya mwisho.

Siku hiyo hiyo tuliacha kusoma tangazo. Lakini hatukuomba msamaha hewani. Tulisema tu kwamba "kwa sababu za kiufundi" mchezo hautatangazwa tena. Haikuwa kweli, na leo ninasema kwamba haikuwa kweli. Ninawaomba msamaha.

Jambo halikuishia hapo. Katika wiki iliyofuata watu kadhaa waliojiandikisha walipigiwa simu na wasiowajua. Waliambiwa, "Umeshinda, tupe namba yako ya siri tukuwekee pesa." Sisemi kwamba wenye sarafu ndio waliopiga, sina ushahidi. Wezi wa simu wapo siku zote, nao husikiliza radio kama ninyi. Walisikia kwamba mjini kuna watu wanaongoja kuambiwa wameshinda, na hilo liliwatosha. Mama mwingine wa Lushagala alitoa namba yake ya siri, na msaada wa fedha uliokuwa umeingia kwenye simu yake ukatoka wote. Alipokuja kwangu hakunilaumu. Alisema tu, "Nilisikia kwenu, nikajua ni kweli."

Na hazina? Aliipata mwanafunzi mmoja wa mjini. Alinieleza mwenyewe, bila kuficha. Karatasi alizozitafuta kwa miguu yake ni mbili tu. Nyingine nane alizinunua kwa watoto. Mtoto mmoja wa Bulengo alikuwa ameipata karatasi ya kweli, lakini hakuwa na simu ya kuisoma, akaiuza franka 500. Maneno mawili ya mwisho hakuyatafuta kabisa. Maneno ya pochi kama zile hutoka katika orodha ya maneno 2 048 inayojulikana duniani kote. Mwenye maneno 10 anaweza kuiachia kompyuta ijaribu mengine mawili hadi pochi ifunguke. Yake ilifunguka usiku, yeye amelala.

Kisha akataka kuzigeuza sarafu zile ziwe dola. Alizunguka karibu mwezi. Za dola 300, mtu mmoja alimpa 40.

Baada ya hapo nilianza kusoma, kwa sababu nilitaka kuelewa nilikuwa nimetangaza nini. Ninawapa kwa kifupi.

Sarafu ya kidijitali ya kwanza kubwa ni bitcoin. Maelezo yake yalitolewa mwaka 2008 na mtu, au watu, waliojiita Satoshi Nakamoto, na ilianza kufanya kazi Januari 2009. Mwanzoni haikuwa na thamani, kwa kuwa hakuna aliyeipokea. Pesa yoyote mpya ina shida hiyo. Mimi siipokei mpaka nijue muuza sambaza ataipokea kwangu, naye haipokei mpaka ajue mvuvi ataipokea kwake. Mwaka 2010 mtaalamu mmoja wa bitcoin alifungua ukurasa wa intaneti uliokuwa ukimpa kila mgeni bitcoin 5 bure, ili watu wazijaribu. Mwaka huo huo, tarehe 22 Mei, Mmarekani mmoja alitoa bitcoin 10 000 akapata piza mbili. Watu humcheka leo. Mimi simcheki. Siku ile ndipo ilipoonekana kwamba kitu hicho kinaweza kuleta chakula mezani.

Waliokuja nyuma walikuta sarafu za namna hiyo zimekuwa nyingi, na kugawa bure hakumshangazi mtu tena. Ndipo wengine wakaanza kuficha. Kitu ukipewa unakitia mfukoni ukasahau. Kitu ukikitafuta siku tatu unakizungumza siku tatu, unawaambia jirani, unawaita wenzako wakusaidie. Anayeficha hazina anapata watangazaji wengi kwa bei ya zawadi moja.

Aprili 2019 ulianzishwa mchezo wa dunia nzima ulioitwa Satoshi's Treasure. Zawadi ilikuwa bitcoin za dola milioni moja. Ufunguo wake uligawanywa vipande 1 000, na aliyetaka kufungua alihitaji vipande visivyopungua 400. Ukipiga hesabu, unaona kwamba mtu mmoja hawezi, lazima awavute wengine. Na huko pia fundi mmoja wa kompyuta alieleza hadharani jinsi alivyovipata vipande viwili akiwa mezani kwake, wakati wengine wanatembea. Nilimkumbuka mwanafunzi wetu.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mei 2018, kampuni ya ASKfm iliyotaka kuuza sarafu yake iliwapeleka wapandaji wanne kwenye mlima Everest, wenye mita 8 849. Kule kileleni waliacha kifaa chenye sarafu hizo, zilizotajwa kuwa na thamani ya dola 50 000, na watu wakaambiwa: anayezitaka azifuate. Wapandaji wanne waliteremka. Msherpa mmoja aliyewasaidia kupanda hakurudi.

Habari hiyo niliisoma mara mbili. Kifaa kilipandishwa ili kiandikwe magazetini. Yule Msherpa hakuwa na sarafu ya kuuza. Alikuwa kazini, anabebea wengine mzigo, kama wengi wenu mnavyowabebea watu mizigo ili watoto wale. Mlima ule ni mbali na Masisi, na majina yao hayafanani na yetu. Lakini gunia la yule mtoto wa Bulengo lilikuwa limebeba hatari ya namna hiyo hiyo. Aliyeficha hakuwepo, na aliyetangaza, yaani mimi, alikuwa studio, mlango umefungwa.

Sasa msije mkasema mtu wa radio anachukia pesa za simu. Ningekuwa mjinga. Tangu mji ulipobadilisha mikono mwishoni mwa Januari 2025 na benki zikafunga milango, ni simu iliyotuokoa wengi. Ndugu aliye Kampala au Kinshasa anatuma, unakwenda kwa mwenye kabini chini ya mwavuli wake, anakukata zaidi ya zamani kwa sababu noti ni chache, unanung'unika, lakini jioni unanunua unga. Hiyo ni pesa ya kidijitali pia, kwa maana ya kwamba huioni. Tofauti ni kwamba ndani yake ni franka au dola ile ile, kuna kampuni inayoishika, kuna namba ya kulalamikia hata kama wanachelewa kujibu. Sarafu kama ile iliyofichwa haina ofisi. Ukipoteza maneno yake, hakuna wa kukurudishia. Na bei yake inapangwa na wale wanaokubali kuinunua siku ile. Wakikosekana, unabaki na namba kwenye kioo cha simu.

Wapo vijana hapa mjini wanaozijua sarafu hizo vizuri, na wengine wamesaidia familia zao kwa kuzipokea kutoka ng'ambo. Sisemi ni wezi. Hata wale wa 2024, kwa ninavyojua, hazina yao ilikuwepo kweli na maneno 12 yalifungua kweli. Ndiyo maana namjibu yule kijana aliyeniuliza. Ndiyo, mdogo wangu, ni mchezo. Lakini mchezo unataka uwanja, na uwanja wetu una vyuma chini ya mawe. Unataka pia wachezaji walio sawa. Hapa mmoja ana simu nzuri na kompyuta inayofanya kazi usiku, mwingine ana gunia na njaa. Ukimwambia mwenye njaa kwamba kuna pesa imefichwa, hatacheza. Atakwenda kutafuta kweli.

Kwa hiyo, wapendwa, nawaachia haya, na mkiweza waelezeni jirani wasiosoma.

Kwanza, hakuna hazina inayostahili kupindua jiwe. Onyo letu la zamani ndilo linalobaki: ukiona usichokijua usikiguse, rudi kwa njia uliyojia, mwambie mkubwa. Likitangazwa tangazo linalopinga onyo hilo, hata likisomwa na mimi, msilifuate.

Pili, namba yako ya siri haiulizwi na mtu yeyote. Aliyekupa zawadi hahitaji kufungua mfuko wako ili aiweke.

Tatu, mtu akikuonyesha pesa mpya, mwulize swali moja: nikienda sokoni sasa hivi, ni mama gani atanipa lenga-lenga kwa pesa hii? Kama anakutajia mtu wa mbali, wa kesho, wa kwenye intaneti, basi bado si pesa ya kulisha nyumba yako. Labda itakuwa. Acha wenye akiba waingoje.

Na nne ni kwa wenzangu wa radio ndogo, kwa kuwa najua jenereta zenu nazo hazina mafuta. Kabla ya kusoma tangazo, ulizeni nani atatembea, na atatembea wapi. Dola 60 zilikwisha kwa siku chache. Sauti yetu, ikiacha kuaminika, siku mabomu yatakapokuwa yanaanguka tutawaambia watu wakimbilie wapi wakatusikia?

Kabla ya kuandika haya nilimpigia yule mama. Kambi zilipovunjika Februari 2025 alirudi upande wa Masisi na watoto wake, analima shamba la watu. Mtandao ulikatika mara tatu. Nilimwomba ruhusa nieleze habari ya gunia bila kutaja jina lake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Eleza, Papa Radio. Lakini usiieleze kwa kucheka, maana watoto wanakusikiliza."

Sijacheka, Mama. Nawe mwanangu wa miaka 12, ambaye sasa utakuwa umekuwa kijana: siku ile hukukosea. Ni mimi.

Tukutane hewani kesho, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.